Pikapu Iliyolala Pua: Uchambuzi wa Kisa Kimoja Kutoka Nakuru

Pikapu hiyo ililetwa kwangu Nakuru Jumatatu asubuhi, boneti ikiwa imefungwa kwa kamba ya mpira. Mwenyewe ni mzee anayefanya biashara ya mbuzi na asali upande wa Tiaty, Baringo, na dereva wake hupita Marigat na Loruk karibu kila wiki. Kutoka Nakuru hadi Marigat ni kama kilomita 100 za lami, hapo hakuna neno. Taabu huanza lami inapoachwa: mawe meusi ya volkano yenye makali, laga za mchanga (mito ya msimu iliyokauka), na vijia ambavyo gurudumu moja hupanda jiwe huku la upande wa pili likining'inia hewani.

Mzee alinipa maagizo kabla sijafungua hiyo kamba. "Fundi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nichomelee hapa na hapa, jioni dereva ashike njia."

"Mzee wangu, nipe siku moja ya kuangalia tu. Nikichomelea leo, mwezi ujao utakuwa hapa tena."

Hakupenda, lakini alikubali, kwa sababu ufa wenyewe, kwenye bati la pembeni mwa injini, ulikuwa umekwisha kuzibwa mara tatu. Kila mara ulijitokeza upya, si juu ya weldi bali kando yake, sentimita moja au mbili tu kutoka pale pale. Methali ya mzee ni ya kweli kwa ukuta wa udongo. Kwa bati la gari, kuziba ufa huku kinachoupasua kikiwa bado kazini ni kuuhamisha tu, na mara nyingi huhamia mahali pabaya zaidi.

Gari lenyewe lilisema nini

Dereva alieleza mambo manne. Taa za mbele hucheza usiku hata kwenye lami. Redieta imevuja mara mbili shingoni, ikazibwa. Mlango wa kushoto unataka kupigwa bega ili ufunge. Na boneti hairudi kwenye kufuli lake, ndiyo maana ya kamba.

Kilichonipa jibu la kwanza kilikuwa kava ya feni, ile plastiki ya duara inayozunguka feni nyuma ya redieta. Ilikuwa imelika sehemu ya juu, mfano wa mwezi mchanga, na unga wa plastiki nyeusi ulikuwa umetapakaa juu ya mkanda. Alama hiyo inafaa kusomwa kwa makini. Feni imefungwa kwenye injini, na injini inakaa kwenye chasi, mifupa ya chuma iliyo chini ya gari. Redieta na kava yake zimefungwa kwenye fremu ya redieta, ambayo ni sehemu ya bodi. Injini ikilala kwa sababu mipira yake imekufa, feni hushuka na kukwaruza kava sehemu ya chini. Hapa feni ilikuwa imekwaruza juu. Maana yake injini ilikuwa mahali pake, na kilichoshuka ni bodi.

Nilikwenda kwenye mlango. Nafasi kati ya fenda ya kushoto na mlango ilikuwa pana juu na nyembamba chini, kama herufi V. Juu kidole changu cha shahada kiliingia chote. Chini hata sarafu ya shilingi tano ilikataa kupita. Hiyo ni pua ya gari iliyoinama mbele, ikizungukia pale fenda ya ndani, lile bati la pembeni mwa injini, inaposhikana na ukuta unaotenganisha injini na kabini.

Kisha nikalala chini ya gari, na hapo ndipo kisa chenyewe kilipokuwa.

Fremu ya redieta ina miguu miwili, kushoto na kulia. Kila mguu unapaswa kuketi juu ya mpira mnene, bolti ndefu ikipita katikati na kushika chasi. Upande wa kushoto mpira ulikuwa umebaki makombo. Niliugusa ukasambaratika mkononi kama mkate uliokauka. Washa ya chini ilikuwa imeliwa na kutu hadi kichwa cha bolti kikapita ndani yake. Upande wa kulia hapakuwa na mpira kabisa. Mtu alikuwa ameutoa, akaweka bamba la milimita 6, akachomelea mguu wa bodi moja kwa moja kwenye chasi kwa mashine ya rodi. Weldi yenyewe ilikuwa imara. Na uimara huo ndio uliokuwa ukiiua bodi.

Simlaumu aliyefanya vile. Dereva aliniambia walikuwa wamekwama njiani na mbuzi kumi na wanane nyuma, jua likizama, na yule fundi aliwafikisha nyumbani. Kama tiba ya njiani ilifaa. Kosa ni kwamba hakuna aliyeifungua waliporudi mjini. Ikabaki miezi, na kila fundi aliyefuata akachomelea nyufa zilizozaliwa nayo bila kuinama kutazama.

Kwa nini mpira hauna mbadala hapo

Pikapu ya aina hii ina chasi ya ngazi: mihimili miwili mirefu na mingine ya kukingama. Chasi hiyo imeundwa kujipinda. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe na la kulia likishuka shimoni, mihimili hiyo miwili haibaki sambamba. Mmoja huinuka na mwenzake hushuka. Juu yake kuna kabini, ambayo ni sanduku gumu la bati lililokunjwa, na sanduku halipendi kupindwa. Mipira ya bodi inakaa katikati ya hawa wawili, ikimeza tofauti yao. Mpira ukifa upande mmoja, na upande wa pili ukachomelewa, tofauti hiyo haipotei. Inatafuta bati jembamba kuliko yote na kulipinda huku na huku, kama mtu anayetaka kukata waya kwa kuukunja na kuukunjua. Fenda ya ndani ina unene wa kama milimita moja tu.

Nilitaka mzee alione jambo hili kwa macho yake. Tulipandisha gurudumu la mbele la kulia juu ya mbao zilizopangwa kufikia sentimita 30. Nafasi ya kushoto kati ya chasi na mguu wa fremu, iliyokuwa milimita 14 gari likiwa sawa, ilifunguka hadi 31. Upande wa kulia hakuna kilichosogea, chasi na bodi zilikuwa kitu kimoja. Tukageuza, gurudumu la kushoto likapanda. Chasi iliinuka na kugonga chini ya mguu wa kushoto, chuma kwa chuma. Mzee alisikia mlio ule, akanyamaza, kisha akamuuliza dereva, "Huo ndio mlio unaousikia kila siku?" Dereva akaitikia kwa kichwa.

Kulikuwa na mizigo mingine miwili. Bampa la mbele lilikuwa limetengenezwa kwa bomba la inchi tatu, na nilipolipima kwenye mizani ya jirani anayenunua chuma chakavu lilikuwa kilo 58. Lilishikwa na bolti mbili kwenye chasi, lakini mikono yake miwili ya juu ilifungwa kwenye fremu ya redieta, yaani kila tuta, bampa lile lilikuwa likivuta fremu mbele na nyuma. Tena betri ya pili, ya taa za kambini, ilikuwa imewekwa juu ya fenda ya ndani ya kushoto kwenye kibati cha kujitengenezea. Betri ya kawaida ya dizeli ina uzito wa kilo 20 hivi. Ikirukaruka juu ya bati la milimita moja, bati hilo haliwezi kudumu.

Kuzitafuta nyufa zote

Ufa unaoonekana kwa macho huwa mfupi kuliko ufa wenyewe. Ncha yake ni nyembamba mno. Njia ninayoitumia ni ya zamani na haina gharama. Unasafisha bati hadi ling'ae, unapaka mafuta ya taa kwa brashi, unasubiri kama dakika 20, unayapangusa kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki unyevu, halafu unapaka unga wa chaki nyeupe ya shule. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuilowesha chaki. Kijana anayejifunza kazi kwangu alikuwa ameinama karibu kabisa, na alinishika mkono mstari ulipoanza kujichora, mwembamba, rangi ya chai ya rangi, ukipita pale tulipodhani ufa umekomea. Tulikuwa tumeupima sentimita 9. Ulikuwa 11 na nusu.

Tulipata minne. Ule wa fenda ya ndani ya kulia, ukianzia kwenye kona ya bamba la milimita 6 na kupanda juu. Wa kushoto chini ya betri ya pili, uliogawanyika kama mguu wa kuku. Wa tatu kwenye tundu la bolti la mguu wa kushoto. Wa nne ulikuwa mdogo, sentimita 3, pale fenda ya ndani ya kushoto inapoungana na ukuta wa kabini. Huo wa nne nitaurudia.

Kazi

Kwanza tulipunguza mzigo: boneti, bampa, grili, taa, redieta na betri zote mbili zikatoka. Nyaya za alteneta nazo zilifunguliwa, maana mkondo wa kuchomelea ukipita huko unaweza kuua diodi zake. Gari hili ni la zamani na halina mifuko ya hewa. Kwenye gari lililo nayo, vihisio vya mgongano mara nyingi huwa vimefungwa hapo hapo kwenye fremu ya redieta, na hapaguswi kabla ya mfumo huo kuzimwa kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

Pua tukaiegemeza kwa jeki mbili na ubao mrefu chini ya fremu, ndipo nikaanza kukata weldi ya kulia kwa grainda, diski ya milimita moja. Nilikata taratibu. Ilipobaki kama sentimita moja, chuma kilijikata chenyewe kwa mlio wa bati linalokunjuka, na mguu wa kulia ukaruka juu milimita 9. Hakuna aliyeugusa. Muda wote ule bodi ilikuwa imeshikiliwa kwa nguvu mahali pasipo pake. Angekuja mtu akachomelea nyufa kwanza na kukata bamba baadaye, nyufa zile zingefunguka siku hiyo hiyo, hapo hapo gereji.

Kwa hiyo kabla ya kuchomelea chochote, tulipima. Kutoka bolti ya juu ya ukuta wa kabini upande mmoja hadi tundu la fremu ya redieta upande wa pili, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vya mshazari vilipaswa kulingana. Vilitofautiana milimita 12. Tuliinua kushoto kidogo kidogo, tukaacha, tukapima, tukainua tena, hadi tofauti ikawa milimita 2. Tukarudisha boneti na fenda kwa bolti chache tu, kuona kama nafasi za mlango zimekuwa sawa. Hii ilitula nusu siku nzima, na naiona kuwa ndiyo nusu siku yenye thamani kuliko zote. Bati likichomelewa likiwa limepinda, utapigana nalo milele.

Kuchomelea kwenyewe hakukuwa na mengi. Kila ncha ya ufa ilitobolewa tundu la milimita 5, mbele kidogo ya pale chaki ilipoonyesha, ili ncha kali igeuke duara na isipate pa kuanzia tena. Nilitumia mashine ya waya wa milimita 0.8 yenye gesi, nikidonoa hapa, nikiruka kule, nikisubiri bati lipoe mpaka liweze kushikwa. Mashine ya rodi kwenye bati la milimita moja hutoboa, na hata isipotoboa huacha mstari mgumu ambao bati laini la jirani yake hupasukia. Ufa wa mguu wa kuku sikuuchomelea kabisa. Bati lililogawanyika vile limechoka lote. Nililikata kipande cha ukubwa wa kiganja nikaweka kipya.

Juu ya nyufa za kulia na kushoto niliweka viraka vya milimita 1.5, vyenye umbo la yai. Mzee alitaka bamba nene, "la kudumu." Nilimwonyesha ule ufa wa kulia na mahali ulipoanzia: konani kwa bamba nene lililokatwa pembe nne. Kiraka kinene mno hakijipindi, basi bati lililo pembeni yake hujipinda kwa niaba yake. Kiraka cha mviringo kisichozidi sana unene wa bati huusambaza mzigo polepole. Nilikishika kwa weldi za matundu ya milimita 8 ndani ya kiraka na vipande vifupi ukingoni, bila kuzungusha weldi moja ndefu.

Mipira ilizua mjadala. Mzee alipendekeza tukate mpira wa tairi, kama ule wa akala, kwa kuwa umefanya kazi kwenye ekzosi yake miaka. Kwenye ekzosi sina ubishi nao. Hapa haufai: tairi lina nyuzi ndani yake, halibonyei na kurudi kwa kipimo kinachotakiwa, na hakuna vipande viwili vitakavyolingana. Tukanunua mipira ya bodi nzima, siyo miwili ya mbele pekee, kwa sababu ile ya chini ya kabini ilikuwa imebonyea milimita 12 ikilinganishwa na mipya. Ukibadilisha ya mbele tu, unainua pua na kuacha kabini chini, na fenda ya ndani inarudi kuvutwa.

Na ndani ya kila mpira kuna bomba fupi la chuma. Naliona likitupwa mara nyingi kama takataka. Bolti ikikazwa hubana bomba hilo, siyo mpira. Mpira unabaki na nafasi ya kupumua. Bila bomba, kila unapokaza unaukamua mpira, na hukazi kitu. Mawili ya gari hili yalikuwa yamelika, nikachonga mapya kwa bomba la unene ule ule. Bolti zilikazwa kwa spana ya kipimo, kwa kiwango cha kitabu cha gari lenyewe.

Bampa lilipunguzwa mabawa ya pembeni likafika kilo 41, likafungwa kwa bolti nne kwenye chasi peke yake. Mikono iliyoshika fremu ya redieta niliikata. Betri ya pili ilihamia kwenye sanduku nyuma ya kabini, kwa waya mnene na fyuzi karibu na betri.

Halafu kutu. Matundu ya kutolea maji kwenye mguu wa kushoto yalikuwa yameziba kwa vumbi lililogeuka saruji. Tuliyazibua, tukapaka praima ya zinki, undakoti, na nta ndani ya mifereji iliyofungwa. Dereva aliuliza kama asipake oili chafu ya injini, wanavyofanya wengi. Nilimkataza kabisa. Oili huvimbisha na kulainisha mpira, na mipira tuliyoinunua isingemaliza mwaka.

Mwisho nilipaka juu ya kila kiraka rangi nyeupe ya kawaida, tabaka jembamba. Si urembo. Rangi ya namna hiyo ikikauka hupasuka mapema, na mstari mweusi juu ya nyeupe huonekana hata na mtu asiye fundi. Nilimwambia dereva aangalie kila Ijumaa akipima maji ya redieta. Tukalipandisha tena gari kwenye zile mbao: pande zote mbili zilisogea kati ya milimita 5 na 6, na hapakusikika chuma kugonga chuma. Taa zikapangwa upya ukutani.

Ufa wa nne

Ule mdogo wa ukuta wa kabini nilikuwa nimeutoboa ncha, nikaupaka rangi nyeupe kama vile viraka, na kuuacha bila kuchomelea. Nyuma yake kulikuwa na nyaya na zulia, na kuufikia kulimaanisha kutoa dashibodi nzima. Nilijiambia kwamba mzigo umekwisha kuondolewa, kwa hiyo ufa umelala. Mzee pia alikuwa amekaa siku sita bila gari, na niliona haya kumwongezea mbili.

Wiki ya tatu dereva alipiga simu akiwa Marigat. Rangi nyeupe ilikuwa na mstari. Walipofika, nilipima milimita 8 kupita tundu langu. Viraka vyote vilikuwa safi. Nilielewa kosa baada ya kufungua dashibodi: upande wa ndani kulikuwa na nukta mbili za weldi ya kiwandani zilizokwisha kuachia, na mabati mawili yalikuwa yakisuguana. Ukiwa nje huwezi kuziona. Tundu la ncha husimamisha ufa ambao mzigo wake umeondoka. Pale mzigo ulikuwa bado upo, kwa sababu viungo vya kuubeba vilikuwa vimekatika. Tuliyabana mabati yale, tukachomelea nukta nne badala ya mbili, tukaufunga ufa, tukaweka kiraka cha ndani. Kazi hiyo sikumtoza mzee. Nilipaswa kutoa dashibodi mara ya kwanza, na tangu hapo, ufa ukigusa ukuta wa kabini, natazama pande zote mbili hata kama mwenye gari ana haraka.

Gari lilirudi tena baada ya miezi minne, kwa miadi. Nafasi ya kushoto ilikuwa milimita 24, ya kulia 25. Mipira mipya ilikuwa imeshuka kidogo kwa usawa, kama inavyotarajiwa. Feni haikuwa na alama mpya. Nilipaka mafuta ya taa mahali pote pane, nikasubiri, nikapangusa, nikapaka chaki. Ilibaki kavu. Bolti mbili za mbele zilizunguka robo ya mzunguko nilipozikaza, nikazitia alama ya rangi. Ilikuwa saa tano asubuhi. Dereva alipakia magunia yake, akafunga boneti kwa mkono mmoja, na jioni alikuwa Loruk.